Kiko hakisahau upesi

Latakia ikishaingia kwenye kiko cha mbao, kuitoa ni kazi. Hiyo ni tumbaku iliyokaushwa kwa moshi wa kuni, na ukijaza tumbaku ya Virginia kwenye kiko hicho hicho, ule utamu wake mwepesi utaupata umefunikwa na harufu ya moto wa jana. Ni kama kuchemshia chai kwenye sufuria ya samaki. Ndiyo maana viko vyangu vya briari nimevigawa: vya Latakia vikae kivyake, vya Virginia kivyake, na wageni hawaruhusiwi kuchanganya.

Briari yenyewe ni kivimbe kinachoota kwenye shina la mti wa Erica arborea, karibu na mizizi, katika nchi za Mediterania. Huchemshwa, kisha hukaushwa muda mrefu kabla ya kuchongwa. Mbao yake haishiki moto kirahisi, nayo hunywa unyevu wa moshi. Kiko kikiwa kipya huwa na ladha ya mbao mbichi kidogo. Ladha hutulia ukoko wa kaboni ukishajijenga ndani. Mimi huuacha ufikie unene wa milimita moja tu, zaidi ya hapo nakwangua, maana ukoko mnene unaweza kukipasua kiko.

Kiko cha jiwe jeupe, sepiolaiti ile inayochimbwa Eskişehir, Uturuki, ni habari nyingine. Hakiongezi ladha yake, kwa hiyo tumbaku unaisikia ilivyo, pamoja na kasoro zake. Ukoko ndani yake haufai kabisa. Gunzi la mahindi nalo lina kautamu kake mwanzoni, na mimi nakapenda, hasa kwa tumbaku ya Burley, isiyo na sukari nyingi.

Lakini kinachobadilisha ladha kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni joto. Virginia ina sukari nyingi. Ukiivuta kwa pupa inauma ulimi na harufu yote inapotea. Naiweka kwenye kiko chenye bakuli jembamba, yaani lile shimo la kujazia tumbaku, lenye upana wa milimita 17 hivi, kuta nene, na navuta polepole. Mchanganyiko wa majani mengi naupa bakuli la milimita 22, ili kila jani lipate nafasi ya kuungua pamoja na wenzake. Mrija mrefu hupoza moshi, ila haupunguzii mtu madhara yake, tusidanganyane.

Umbo la nje, liwe limepinda au limenyooka, ni la macho zaidi. Mdomo wa ebonaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, ndio wa kuangalia: ukigeuka kijani kwa jua, kila pumzi inakuja na ladha ya salfa, na lawama inaiangukia tumbaku bure.

Tumbaku nisiyoijua naijaribu kwanza kwenye kiko cha udongo. Kinaunguza vidole, nakishika kwa mrija, lakini kikichafuka nakirudisha motoni kinakuwa cheupe tena.