"Mimi mbona nacheza kistaarabu"

Bango langu la kwanza la kuwaonya vijana juu ya kubeti lilifia kijiweni Buzuruga, hapa Mwanza, kabla halijafika kwa mchapaji. Nilikuwa nimeandika "Cheza kistaarabu", maneno yale yale yanayokaa chini ya matangazo ya kubeti, pembeni ya 18+. Kijana mmoja wa bodaboda akalisoma kwa sauti, kisha akarudisha macho kwenye simu yake.

"Dada, mimi mbona nacheza kistaarabu. Simtukani mtu."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ila njia nzima kurudi ofisini neno lile lilinikaa kooni. Ustaarabu ni namna ya kuishi na watu. Elfu mbili inayoondoka kila siku kwenye simu ya mtu haimkosei adabu yeyote.

Australia wameshalihama neno la namna hiyo. Tangu Machi 2023 wito wao wa kubeti kwa kuwajibika umeondolewa, yakaja maonyo saba mapya. Moja, kwa Kiswahili changu, linasema kuna kila dalili unakaribia kuliwa pesa.

Rasimu ya pili nikachora mkeka wenyewe, ile orodha ya mechi anazobetia mtu kwa pamoja, Simba na Yanga ndani. Nilijiroga. Ubishi ukahamia kwa mabeki wa Yanga, na mmoja akaniuliza mechi ni saa ngapi! Kumbe ukichora odi, ile namba ya kuzidisha dau ukishinda, umemtangazia mwenye kampuni bure.

Kilichonikomboa ni lalamiko lao wenyewe. Kila Jumatatu utalisikia: "Timu moja tu imenichania mkeka." Mtu anaondoka akiamini alikosa kidogo sana, wiki ijayo atapata. Nikachukua nyuma ya risiti ya mafuta, tukapiga hesabu pamoja. Mechi kumi, zote "za uhakika", odi 1.5 kila moja. Tuseme timu ya hivyo inashinda mechi mbili katika kila tatu. Mkeka wa mechi kumi basi utatiki mara moja katika mikeka kama 58. Na hapo tumewahurumia wenye kampuni, maana chao wameshakikata humo humo kwenye odi, nafasi ya kweli ni ndogo zaidi. Mkeka mmoja kila Jumamosi, mwaka unaweza kuisha hujaona kitu.

Mzee wa kijiwe aliitazama ile risiti muda mrefu.

"Kwa hiyo hiyo timu moja ipo kila wiki."

Ndiyo maneno niliyoyaandika, makubwa, bila picha ya mwanaume aliyejishika kichwa: TIMU MOJA YA KUCHANA MKEKA IPO KILA WIKI. Chini yake, kwa herufi ndogo: Hesabu ya tajiri umeshaiweka pembeni? Dereva wa boda haelezwi hiyo ni hesabu gani: ni pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki.

Chini kabisa nimeacha nafasi nyeupe ya namba ya simu ya msaada. Nimeuliza ofisini niweke namba ipi, itakayopokelewa na mtu Jumamosi usiku mechi zikiisha. Hii ni wiki ya tatu. Mchapaji ananipigia kila asubuhi.