Delos, kisiwa walikokataza kuzaa

Mdogo wangu ameniachia PlayStation yake, na kwa sasa nacheza Assassin's Creed Odyssey, ule mchezo wa Ubisoft wa mwaka 2018 kuhusu vita vya Athens na Sparta, miji hasimu ya Ugiriki ya kale. Nimemchagua Kassandra awe mhusika wangu. Kazi yangu ni ukunga, ndiyo maana kisiwa kilichonishika ni Delos, kisiwa kidogo cha Ugiriki.

Ukifika huko unawakuta waasi wa Kyra wakipambana na Podarkes, mtawala katili wa upande wa Athens. Unamuua, watu wanapumua. Pamejengwa vizuri mno. Nilipanda Kynthos, kilima cha mita 112 tu, nikakaa kutazama bahari. Ila Podarkes ni wa kubuni. Yaliyowapata Wadelos wenyewe yaliletwa na amri.

Majira ya baridi ya 426/425 KK, Athens iliamua kukitakasa kisiwa kwa ajili ya mungu Apollo. Makaburi yote yakafukuliwa, yaliyomo yakahamishiwa Rheneia, kisiwa cha jirani. Mwanahistoria Thucydides, aliyeishi zama hizohizo, anasema zaidi ya nusu ya maiti walitambulika kuwa Wakaria, watu wa pwani ya Uturuki ya leo, kwa silaha walizozikwa nazo na namna walivyozikwa. Shimo la vitu vya makaburi hayo lilichimbuliwa huko Rheneia mwishoni mwa karne ya 19, na vyungu vyake viko katika makumbusho ya Mykonos.

Kisha ikawa marufuku kufia Delos, na marufuku kuzalia. Mjamzito aliyekaribia avushwe Rheneia.

Hapo moyo unanienda mbio. Nimepokea akina mama waliofika njia imeshafunguka yote, na hao walikuja kwa gari. Huyu wa Delos chupa inampasukia chomboni, upepo wa kaskazini unavuma, na ufukweni hapati kitanda.

Na Delos ndipo alipojifungulia Leto, mama yake Apollo! Utenzi wa kale wa Kigiriki unasema uchungu ulimshika siku 9, usiku na mchana, kwa kuwa Hera, mke wa Zeus, alimzuia Eileithyia, mungu wa uzazi, asimwendee. Eileithyia alipofika, Leto akakumbatia mtende, akapiga magoti kwenye majani laini, Apollo akatoka. Mama akitaka kukaa hivyo leba, mimi simlazimishi kulala chali.

Mwaka 422 KK Athens ikawafukuza hata walio hai. Wakarudishwa mwaka uliofuata.

Laiti wangeweka misheni moja ya kumvusha mjamzito. Meli ninayo mchezoni, Adrestia, na nahodha wake Barnabas yupo. Ningempakia huyo mama kwanza, Podarkes angesubiri.