Bolti mbili za breki ya mbele: nilivyozipata za Yamaha yangu ya zamani

Kelele ilianza nikishuka kutoka Mgeta. Kila nikibana breki ya mbele, kitu kiligonga mara moja, "ko!", halafu ndipo breki inashika. Nilifikiri ni beringi za stelingi. Nikaegesha pembeni, nikashika kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, kwa vidole na kuitikisa. Ikacheza. Bolti moja kati ya mbili zinazoishikilia kwenye mguu wa shokapu ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa mkono. Kalipa ilikuwa imebaki kwenye bolti moja tu, nami bado nina mteremko wote wa Uluguru mbele yangu.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha XT600 ya miaka ya 80: mbele diski, nyuma breki ya ngoma. Anayeendesha milimani anajua maana yake. Ukifunga breki mteremkoni uzito wote unakimbilia mbele, na ile diski ndiyo inayobeba kazi kubwa. Nilikaza bolti ile kwa spana ya kwenye mkoba, haikukaza. Nikaweka gia ya kwanza, nikateremka taratibu kwa breki ya nyuma na injini mpaka nikafika nyumbani Morogoro, mikono ikiwa imekufa ganzi.

Jioni nilizifungua zote mbili nikaziweka juu ya gazeti. Hapo ndipo nilipoelewa. Moja ilifunguka kwa spana ya 14, nyingine kwa ya 17. Unene wake uleule, milimita 10, lakini hazikutoka nyumba moja. Pikipiki za Kijapani kwa kawaida hutumia bolti ya milimita 10 yenye kichwa cha 14. Yenye kichwa cha 17 ni ile ya dukani kwenye vifaa vya ujenzi, na kichwani ilikuwa imeandikwa 4.8, yaani daraja la chini la nguvu. Fundi fulani, kabla pikipiki haijawa yangu, alipoteza bolti ya asili akachomeka aliyoipata karibu.

Ubaya haukuwa kichwa. Ubaya ulikuwa uzi. Sikuwa na kipimo cha uzi, kwa hiyo nilitumia rula: hesabu hatua kumi za uzi, pima urefu wake. Ya 14 ilinipa milimita 12 na nusu, yaani hatua (umbali wa jino moja hadi jingine) ya 1.25. Ya 17 ilinipa 15, yaani 1.5. Njia nyingine ni kulaza bolti mbili ubavu kwa ubavu, uzi ndani ya uzi. Zikiwa sawa zinalaliana kama meno ya mamba. Zikiwa tofauti, baada ya meno matatu manne zinapandana na mwanga unapita katikati.

Bolti ya 1.5 ukiilazimisha kwenye tundu la 1.25 inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakwama. Fundi anahisi imekaza. Kumbe haijabana kalipa hata kidogo, imebanana na uzi wenyewe, tena uzi wa aluminiamu ambao ni laini kuliko chuma cha bolti. Mtetemo ukianza, inajirudisha.

Kesho yake nilienda kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Nikaomba bolti ya milimita 10, nguvu 8.8. Kijana akanipa, nikaijaribu kwenye nati niliyokuwa nayo ya Toyota, yenye uzi wa 1.25, ikakwama mzunguko wa pili. Akaniambia, "Kaka, kaza tu na spana, itaingia." Sikuweza kumlaumu sana, hakuna aliyewahi kumwambia. Lakini hiyo "itaingia" ndiyo iliyonifikisha nilipokuwa. Bolti ya saizi yake inaingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Spana inakuja kumalizia tu.

Kabla ya kununua chochote nilipeleka mguu wa shokapu kwa fundi wa kukereza vyuma. Alipitisha tapu, kifaa cha kuchonga uzi ndani ya tundu, ya 10 kwa 1.25 taratibu, na oili, nusu zunguko mbele, robo nyuma. Uzi wa mdomoni ulikuwa umesagika, ila wa ndani ulikuwa mzima. Akaniambia tusiweke koili (uzi mpya wa chuma unaoingizwa kwenye tundu) bado, nitafute bolti ndefu kidogo kuliko ya asili ili ishike ule uzi mzima. Kwenye aluminiamu mafundi hutaka uzi ushikane angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti, yaani milimita 15 kwa hii yangu. Ya asili ilikuwa na urefu wa 30. Tukakubaliana 35.

Nilijaribu kwanza njia ya namba ya kipuri. Kwa bolti za kawaida za Yamaha, zile zinazoanza na 970, namba inakusimulia saizi: baada ya kistari tarakimu mbili ni unene na tatu zinazofuata ni urefu, kwa hiyo 06020 ni milimita 6 kwa 20. Za breki mara nyingi ziko kwenye kundi la 901, ambako unene unauona lakini urefu hauandikwi. Niliambiwa zitaagizwa nje, nisubiri wiki kadhaa.

Nikapanda treni ya SGR asubuhi mpaka Dar, nikaingia kwenye maduka ya spea ya Gerezani na bolti yangu ya asili mfukoni. Siku hiyo sikuulizia spea za pikipiki, niliulizia za Toyota, maana magari ya Kijapani yamejaa bolti za 10 kwa 1.25 zenye kichwa cha 14. Duka la tatu nilimkuta mzee amezungukwa na makopo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta sampuli?"

Nilipompa hakuipima. Aliichomeka kwenye nati iliyoning'inia kwa waya ukutani, ikazunguka bila kelele. "Uzi mdogo," akasema, akavuta kopo. Nyingi zilikuwa na 7 kichwani. Kwa alama za Kijapani hiyo 7 ni kilo 70 kwa milimita mraba, chini kidogo ya 8.8. Nikamwambia ni za breki. Akanitazama, akarudisha kopo lile, akatoa jingine. Humo nilipata mbili mpya za 10.9, zenye kola, urefu 40. Alikuwa nazo pia za chuma kisichoshika kutu, zinang'aa vizuri, zimeandikwa A2-70. Niliziacha: nguvu yake iko chini ya 8.8, nami nilitaka kwenda juu, si chini. Mbili zangu zilinigharimu shilingi 4,000.

Nyumbani nilikata milimita 5 kwa msumeno wa chuma. Kabla ya kukata, zungusha nati mpaka juu. Ukimaliza kukata na kupiga tupa, ifungue nati itoke, itanyoosha uzi pale ncha ilipoharibika. Nikazifunga kwa vidole, nikazungusha tairi nikichungulia kama ncha inagusa diski. Ilipita mbali. Tone la gundi ya uzi ya bluu, kisha spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwenye nyutoni-mita 35, ndani ya 30 hadi 40 ambazo ni za kawaida kwa bolti ya aina hiyo.

Ile bolti yenye tundu, inayopitisha mafuta ya breki, sikuigusa. Ila kama yako inavuja, pima uzi kwanza: za Kijapani kwa kawaida ni 1.25, za Brembo mara nyingi ni 1.0, na washa (pete) za shaba uweke mpya.

Nilichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha kila bolti mpaka kwenye kalipa. Jumamosi nikapanda Mgeta, nikateremka na gunia la karoti nyuma, nikibana breki ya mbele kwenye kila kona. Msamvu nikasimama, nikapiga goti na tochi. Mistari yote miwili ilikuwa bado imenyooka.