Gazeti kwenye tundu

Juzi jioni, baridi la Julai likiwa limeshika adabu zake, mama watoto alitoa stoo lile kasha langu la mbao, akatandika maranda, akaning'iniza balbu juu, akamiminia vifaranga 18 ndani. Binti yangu akachuchumaa kuwatazama kupitia matundu. Akaingiza kidole tundu la kwanza, kikagoma. La pili, kikagoma.

"Baba, humu mliweka nini?"

Nikamulika kwa simu. Gazeti. Gazeti lililogandishwa kwa uji, limekuwa gumu kama gamba la kobe, na kwenye tundu moja herufi tatu bado zinasomeka: UPE. Sijui lilikuwa upepo, upendeleo au upele.

Nikamkumbuka baba mdogo na koti lake.

Ilikuwa 2013, siku zile za Ilemi, hapa Mbeya, nahariri video za harusi chumbani. Kasha la bati la kompyuta yangu lilibondeka kwenye buti la basi nikitoka nalo Dar. Hela ya kasha jipya sikuwa nayo; fundi seremala wa mtaa wa Soweto anayenidai video ya ubarikio nilikuwa naye. Akanikatia mbao za msindano, zile za Mufindi, akaranda, akapiga vanishi mikono miwili. Kwa kuwa kwetu kasha lote watu huliita sipiyu, nikawa mtu pekee mtaani mwenye sipiyu ya mbao. Waliokuja kuchukua video zao walidhani ni kabati la redio.

Mpango wangu wa kupoza ulikuwa neno moja: matundu. Bati lina ngozi, joto kidogo hupenya likatoka. Mbao haipitishi kitu, kwa hiyo joto lote linangoja kubebwa na upepo. Hilo nililijua vizuri na nilimweleza kila mtu. Basi nikatoboa. Juu, ubavuni, nyuma, hadi kwenye kitako. Matundu 35. Mbele nikafunga feni mbili za sentimita 12 za kuvuta, nyuma moja ya kutoa, nikakaa kusubiri sifa.

Dakika kumi tu za kutoa video moja, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa digrii 88. Feni yake inalia kama mashine ya kusaga, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, halafu kioo cheusi. Hiyo ni Mbeya, mwezi wa saba, watu wanalala na soksi! Nikasingizia mwinuko. Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu. Ni kweli kabisa, na haikuwa sababu. Chumba kilikuwa na digrii 14, hiyo peke yake ilifidia na chenji ikabaki. Nikaongeza matundu sita. Joto halikushuka hata digrii moja.

Baba mdogo alikuwa amekuja kutoka Kiwira kwa ajili ya macho. Mchana hospitali, jioni anakaa ukingoni mwa kitanda changu ndani ya lile koti la kijeshi, haongei. Maisha yake yote alichoma matofali. Usiku ule umeme ulikatika nikiwa nimefungua kasha, nikasonya. Ndipo akauliza.

"Upepo unaingilia wapi?"

"Mbele."

"Unatokea wapi?"

"Nyuma. Na juu. Na huku pembeni."

"Umeuona?"

Nilitaka kucheka. Mtu aliyeandikiwa matone ya macho ananiuliza kama nimeuona upepo. Lakini sikuwa nimeuona, na umeme hakuna, kazi hakuna. Akaagiza udi. Mama watoto akatoa vile vijiti vyake. Mimi nikafungua betri ya pikipiki, ni volti 12 kama feni zenyewe: waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, wa njano unauacha unaning'inia. Ubao wa ubavuni tukauondoa, mahali pake tukaegesha kioo tulichokichomoa kwenye fremu ya picha yetu ya harusi, tukakizungushia selotepu. Mama watoto akashika tochi. Hakusema kitu kuhusu picha, nalo hilo nililiona.

Feni zikaanza kuzunguka gizani. Baba mdogo akasogeza kijiti kwenye feni ya mbele ya chini. Moshi ukanyooka, ukaingia, na mimi nikaanza kutabasamu. Ukaenda vidole vitatu tu, ukakata kona, ukatokea kwenye matundu ya ubavuni. Akahamia feni ya juu yake. Moshi ukamrudia usoni. "Hii inakutemea," akasema, akifuta machozi. Nilikuwa nimeifunga kinyume. Upande wenye ile miguu minne inayoshika mota ndiko upepo unakotokea. Mimi niliugeuzia nje kwa sababu una stika nzuri.

Akazunguka nyuma. Akaweka kijiti kwenye tundu lililo jirani na feni ya kutolea. Moshi ukaingia kwenye tundu, ukageuka, ukatoka na feni. Safari ya sentimita nne. Feni yangu ya nyuma ilikuwa inakunywa hewa ya ukutani na kuirudisha ukutani.

Mwisho akaomba mrija wa soda, akaupitisha tundu la juu, akavuta moshi wa kijiti kwa mdomo na kuupuliza taratibu, ushuke pale katikati kwenye bati la alumini lenye mapezi, juu ya prosesa. Ulishuka, ukakaa. Tochi ikautazama. Sote wanne, na tochi namhesabu, tukautazama ukijizungusha mahali pamoja, ukitanuka kidogo, ukirudi, kama ukungu wa asubuhi kule kwao ambao hauna haraka ya kwenda shambani. Feni tatu zinavuma na ule moshi hauna habari. Kumbe prosesa ilikuwa inapulizwa joto lake lenyewe, saa zote, na mimi naongeza matundu.

"Tanuri usipolikandika tope nje," baba mdogo akasema, "moto unavujia ubavuni, matofali unatoa mabichi. Mdomo chini, pumzi juu. Kwingine kote unaziba."

Akaomba uji uliobaki na gazeti. Akachana, akachovya, akasokota, akasindika kwa kidole gumba. Mkono wake ulikuwa unajua ukubwa wa tundu bila jicho kuuliza. Mimi nikageuza feni. Tukaacha mbele chini na nyuma juu, basi. Zaidi ya hapo pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, ina njia yake. Tukawasha udi tena. Moshi ukaingia chini, ukapanda kwa mshazari kupita kwenye mapezi, ukatokea nyuma karibu na dari la kasha, kama umeitwa.

"Ndaga," nikamwambia, yaani asante, Kinyakyusa changu kikiishia karibu na hapo.

Umeme uliporudi asubuhi, video ileile, digrii 66. Nilitoa harusi mbili bila kuzima. Kusogeza kasha kutoka ukutani nilikuja kujifunza baadaye, kwa hasara, lakini hiyo ni habari nyingine.

Saa nne akaja fundi seremala kuchukua ubarikio wake. Akaliona kasha lake likiwa limejaa gazeti, akashtuka, akadhani nimeliharibu. Nikamwonyesha namba. Akapiga mluzi. "Hii akili umeitoa wapi?"

"Nimeziba mwenyewe," nikasema. "Ni mambo ya mzunguko wa hewa, nilisoma intaneti."

Baba mdogo alikuwa palepale ukingoni mwa kitanda, kikombe cha chai mkononi, koti limefungwa hadi shingoni. Alikunywa funda moja. Akatazama kikombe. Kesho yake nilimsindikiza stendi, tukaongea bei ya mbolea hadi gari linaondoka.

Tumeongea mara nyingi tangu hapo, kwa simu, kwenye misiba, na Krismasi moja alilala kwangu. Ndizi bado ananitumia. Mara mbili nilifungua mdomo, nikaishia kuuliza macho yanaendeleaje. Inawezekana hata hakulisikia. Inawezekana pia ndiyo sababu hajaniuliza tena habari za kompyuta.

"Baba, nimekuuliza."

"Ni gazeti," nikamwambia binti yangu. "Ni..." Ulimi ulikuwa tayari umeshika ile ni- ya kwanza. Nikaimeza. "Tuliziba."

"Wewe na nani?"

Kifaranga mmoja alikuwa ameacha joto la balbu, amekwenda kusimama peke yake kwenye mdomo wa chini, palipoachwa wazi, manyoya yanapeperuka. Mama watoto akaniambia nilete gazeti.