Jino lisilocheza

Jino la mbele la mjukuu wangu linacheza. Jana kutwa amelitikisa kwa ulimi, kisha akanikodolea macho: "Babu, na lako la chuma, linacheza?"

Nikacheka, ila moyo ulinidunda. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza nikiwa nimelala chali chini ya taa, mdomo wazi.

Nina kisukari, na nilitaka kuziba pengo la mbele kwa jino la kupandikiza: skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa wa taya. Daktari wa meno alipotaka vipimo nilijibana wiki mbili nzima, nikampelekea sukari ya asubuhi nzuri ajabu. Hakuitazama hata. Alitaka ya wastani wa miezi mitatu, na ile haibembelezeki: asilimia 9.4. Akavua glavu. "Mzee wangu, kwa sukari hii kidonda hakifungi vizuri, na mfupa unaweza kukataa kushika skrubu. Nenda, urudi ikiwa chini ya 8."

Nilirudi baada ya miezi mitano na 7.2. Ganzi, keekee ikizunguka polepole huku maji yakimwagika mfupa usiungue, nyuzi mbili tatu, basi. Kilichouma ni kusubiri: wengine hupewa miezi mitatu, mimi alinipa sita.

Siku ya siku akageuza kile kioo chake kidogo, akagonga kwa mpini. Kwanza jino la jirani, langu la kuzaliwa: tok. Kisha titani: ting. Sauti ikapita tayani hadi sikioni. Akasita. Akagonga tena. Nimekamata kiti kwa mikono miwili, pumzi nimeibana, nasoma macho yake juu ya barakoa. Ningejuaje kama ting ni njema? Mara ya tatu akainamisha kichwa, kama mtu anayenunua chungu anayesikiliza kama kina ufa.

"Limeshika," akasema. Lisiposhika hulia butu.

Tangu jana nawaza. Macho, figo, miguu: miaka kumi na moja nilitishiwa navyo, sukari haikushuka. Ikaja kushushwa na pengo moja la mbele, tena kwa ajili ya picha. Sijui nijione shujaa au nijionee haya.

Mjukuu akachukua penseli, akaligonga.

"Linasema ting, Babu."

Kipimo cha mwezi uliopita kilisoma 8.3. Nikamwambia agonge tena.