Nilivyopima mchunga kwa dawa ya vidonda

Nilitaka kupima nguvu ya vizuia oksidi, zile kemikali za kwenye chakula zinazokinga seli zisiharibiwe, ndani ya mchunga, ile mboga chungu ya majani. Kila niliyemuuliza alinijibu lile lile: bila DPPH na spektrofotomita, mashine ya kupima rangi kwa mwanga, usijisumbue. DPPH ni ile poda ya zambarau inayofifia kuwa njano ikikutana na vizuia oksidi, halafu mashine inasoma rangi kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 517. Sikatai. Ila bei yake na mshahara wa mwalimu wa sekondari hapa Muheza havikai zizi moja.

Nikanunua iodini ya vidonda, hela ya soda mbili tatu hivi. Nikapika uji mwepesi mno wa unga wa muhogo, nikaupoza, nikadondosha iodini: bluu kama wino! Vitamini C na polifenoli, kemikali za mimea, huipa iodini elektroni, rangi ikapotea. Kwa hiyo kinachoifuta bluu kwa matone machache ndicho chenye nguvu. Maji ya ubuyu yaliifuta papo hapo, wanafunzi wakapiga makofi.

Sasa mchunga. Mjuzi mmoja alishikilia kwamba maji ya mboga yatiwe yakiwa ya moto, eti ndipo "dawa inaamka". Nikatia ya kutosha, bluu ikayeyuka. Mjuzi akatabasamu. Mimi mbishi, nikachukua kikombe cha pili nikatia maji ya moto matupu, na yenyewe bluu ikayeyuka! Kumbe joto hulegeza wanga ukaiachia iodini. Tukangoja vipoe. Kikombe cha maji matupu kikarudisha bluu yake taratibu, cha mchunga kikabaki cheupe. Mjuzi akakumbuka ana safari. Tangu hapo napoza kila kitu, na kikombe cha maji matupu hakikosi pembeni.

Utamu uko hapa: majani yaliyochemshwa na kukamuliwa yalidai matone mengi kuliko mabichi, ilhali maji tunayomwaga yalifuta bluu vizuri tu. Vitamini C huyeyuka majini, basi inakwenda na maji yake. Mama mkwe alitazama vikombe vyote, akasema, "Mwanangu, uchungu ule nani ataula?" Ana haki. Kwangu sasa ni maji kidogo, sufuria imefunikwa, moto wa muda mfupi, kisha tui zito la nazi.

Magadi ya kulainishia mboga nimeyaacha, huiharibu vitamini C. Wala usiyatie kwenye kipimo: yenyewe tu hufuta bluu, utajisifu bure.