Kadi nne za Framework 13: betri haivuji tena usiku, ila sasa nafasi hazitoshi

Imekubali. Framework 13 ni laptop ambayo poti zake ni kadi nne ndogo unazochomeka na kuchomoa upendavyo. Mpangilio wa sasa kwenye ubao wenye prosesa ya AMD Ryzen 7040: nyuma kushoto USB-C, nyuma kulia USB-C, mbele kwenye nafasi inayotoa picha HDMI, na mbele kwenye ile isiyotoa picha USB-A. Nikisema nyuma, ni upande wa bawaba. Ukiutazama ni mpangilio wa kawaida kabisa, lakini umefikiwa baada ya karibu kila mpangilio mwingine kugoma.

Shida ilikuwa moja tu. Mashine inafunikwa jioni betri ikiwa imejaa, asubuhi inafunguliwa chaji imeyeyuka. Keneli mpya (kiini cha Linux) haikusaidia, BIOS mpya haikusaidia. Mchawi alikuwa kadi ya USB-A iliyokaa nyuma kulia.

Sababu yake iko ndani ya kadi yenyewe. Kadi zote za Framework huingia kwenye ubao kwa USB-C. Ile ya USB-C ni njia tupu: usipochomeka kitu, ubao hauoni kitu. Ya USB-A ni adapta, na adapta ya namna hiyo lazima iwe na rezista ya 5.1 kΩ kutoka laini ya CC (ile inayoiambia poti kuna kitu kimechomekwa) kwenda ardhini, vinginevyo poti haitoi volti 5. Kwa hiyo hata bila flash, kadi inaiambia mashine "nipo, nipo" usiku kucha. Nafasi mbili za nyuma za 7040 ni USB4 ya 40 Gb/s, zenye mzunguko mzito zaidi kuliko USB 3.2 za mbele, na kuziacha macho kuna gharama. Framework wenyewe wanashauri USB-A ikae mbele kwenye ubao huu. Ushauri upo kwenye maelezo yao, tatizo ni kwamba tundu la nyuma ndilo mkono unalikimbilia.

Hesabu ndiyo inayouma. Betri ni 61 Wh. Kitu kinachokula nusu wati, kikiachwa saa 10, kimekula 5 Wh, yaani kama asilimia 8. Kikila wati nzima ni asilimia 16, na hapo hakuna aliyegusa kibodi. Halafu 7040 haina usingizi wa S3 (ule mzito unaozima karibu kila kitu isipokuwa RAM), ina s2idle pekee (usingizi mwepesi ambao kila kifaa hulala chenyewe). Kwa s2idle, chochote kinachokataa kulala kinamzuia na mwenzake.

Namna ya kumkamata mkosaji, maana wengi wanapima kwa macho. Soma faili la charge_now (chaji iliyobaki) ndani ya /sys/class/power_supply/BAT1 kabla ya kufunika, iandike, iache mashine saa 8 bila chaja, soma tena. Usiku wa kwanza toa kadi zote nne. Hicho ndicho kipimo cha msingi. Kisha rudisha kadi moja kila usiku, nafasi ileile. Ukibadilisha kadi mbili usiku mmoja umepoteza usiku wote. Ikiwa hata mashine tupu inavuja, kadi hazina kosa: endesha amd-s2idle, zana ya kukagua usingizi, itakuonyesha kama usingizi wa ndani kabisa ulifikiwa au la.

Kuhusu zana: powertop ni nzuri kwa kutazama nani anaamsha prosesa, lakini wati inazogawa kwa kila kifaa ni makisio, si kipimo. Na --auto-tune yake inalaza kila kitu cha USB, mausi ya waya ikiwemo, halafu unaanza kulaumu mausi kwa kusitasita. TLP nayo, programu ya kubana matumizi ya chaji, kwenye 7040 iachwe; power-profiles-daemon, inayofanya kazi hiyohiyo, inatosha. Kuziendesha zote mbili ni kuwapa madereva wawili usukani mmoja.

Sasa HDMI, ambayo ina mtego wake. Kwenye 7040 nafasi tatu hutoa picha: mbili za nyuma na moja ya mbele. Ya nne haitoi. Ukiiweka kadi ya HDMI hapo, lsusb (amri inayoorodhesha vifaa vya USB) inaionyesha vizuri tu, kwa kitambulisho 32ac:0002, kwa sababu laini za USB zinafanya kazi. Kioo cha nje kinabaki cheusi. Mtu anabadilisha waya, anabadilisha projekta, anaanza kumshuku fundi wa ukumbi, kumbe laini za picha hazijafika kwenye tundu hilo tangu kiwandani. Kuonekana kwenye lsusb si ushahidi wa picha. Wenye Intel wa kizazi cha 11, 12 na 13 wapite tu, kwao nafasi zote nne ni USB4 na picha inatoka popote.

Kadi ya HDMI pia ina chipu ya kugeuza DisplayPort kuwa HDMI, kwa hiyo si njia tupu kama USB-C. Kadi za vizazi vya mwanzo zilijulikana kwa kula chaji hata bila waya. Ya kizazi cha 3 imerekebishwa ili ilale vizuri. Ukinunua iliyotumika, uliza kizazi kabla ya kuuliza bei. framework_tool --dp-hdmi-info inasoma toleo la femwea iliyomo.

USB-C mbili za nyuma zimebaki kwa sababu ya chaji. Nafasi zote nne za 13 hupokea chaji, lakini nyuma waya hauvuki mkono wa kipanya, na kuwa na moja kila upande kunaokoa pale soketi ya ukutani ilipo upande usiotaka. Wapo wanaosema USB-A haina haja tena mwaka huu. Hao hawajaenda kuchapisha kwenye duka la steshenari, ambako bila flash ya USB-A unarudi nyumbani na faili lako.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kupima kadi ya Ethernet na ya hifadhi ya GB 250. Ya Ethernet imepimwa nusu: ni Realtek RTL8156 ya 2.5 Gb/s, inajitambulisha 0bda:8156, inatokeza nje ya ubavu wa mashine kwa sababu RJ45 haienei ndani, na inahitaji kanuni ya udev (mfumo wa Linux unaosimamia vifaa) ya power/autosuspend ili isikeshe. Ya hifadhi haikuguswa kabisa, kwa sababu limeingia wazo jingine: kadi inayomeza kipokezi cha mausi isiyo na waya, kipokezi kisichomoze tena nje kama jino.

Michoro ya ganda Framework wameiweka wazi kwenye GitHub, hivyo kazi ni ya printa ya 3D na kulehemu. Plastiki iwe PETG, si PLA. PLA inalegea mapema kwenye joto na chini ya mashine hii hakuna ubaridi. Vifaa: plagi dume ya USB-C ya kulehemu, soketi fupi ya USB-A, rezista moja ya 5.1 kΩ, waya nne. Laini za data: D+ ni pini A6, D- ni A7; CC ni A5. Rezista inatoka A5 kwenda ardhini. Hapa ndipo watu wanakosea: vibao vingi vya plagi dume vinavyouzwa rahisi vimekuja na rezista ya 56 kΩ kutoka CC kwenda VBUS (laini ya umeme), kwa sababu vilitengenezwa kwa ajili ya waya wa chaji. Kwa rezista hiyo mashine haitoi umeme na kipokezi kinabaki mfu. Iondoe kwanza, pima kwa multimita kati ya A5 na ardhi, ndipo uweke yako.

Wazo ni zuri mpaka unapokaa chini na kuhesabu nafasi. Kadi hii nayo ina 5.1 kΩ, kwa hiyo nayo inakesha, kwa hiyo nayo inataka mbele. Mbele kuna mbili tu. Na haiwezi kuwa jirani wa USB-A: vifaa vya USB 3 hutoa kelele ya redio kwenye 2.4 GHz, masafa yaleyale ya kipokezi, jambo ambalo Intel waliliandikia ripoti mwaka 2012. Chomeka flash ya USB 3 karibu, mshale unaanza kuruka-ruka. Bahati ni kwamba nafasi mbili za mbele ziko pande tofauti za mashine, upana wote wa kibodi katikati.

Basi anayehama ni HDMI. Itakaa mkobani, na badala yake waya wa USB-C kwenda HDMI utachomekwa nyuma pale panapohitajika picha. Waya hauli chochote ukiwa mkobani.

Ganda la kwanza limechapwa. Linaingia, ila halifungi: mfereji wa kishikio umejaa plastiki kwenye kona, na kadi inatoka ukiivuta kwa kidole bila kubonyeza kitufe cha chini. La pili litachapwa likiwa limesimama, nyongeza ya 0.2 mm kwenye mfereji huo pekee. Kadi ya GB 250 bado iko kwenye boksi lake.